Pembe Iliyolinda Mkungu wa Mungu

Jela ya Klaudia haikuwa na ukuta wala askari mwenye bunduki. Ilikuwa na pembe moja ya ng'ombe, na aliyeijenga ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili, huku akiimba.

Huyu Klaudia ni mjane wa Rugaibula, wa kule Nyanga, mahali ambapo mji wa Bukoba unachoka na migomba inaanza. Mwanamke wa miaka sitini na saba, mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Shule aliiona kwa nje tu, alipokuwa akipita kwenda kuteka maji, lakini kwa kusimulia hakuna aliyemweza. Ndiye aliyewaambia watu kwamba katika usichana wake alibeba mkungu wa ndizi mrefu hata kichwa chake kikafika sokoni saa nne asubuhi na mkia ukafika saa tisa, na katikati ya njia watoto waliupanda wakidhani ni daraja. Watu walicheka, wakamwambia muongo mkubwa, na kesho yake wakarudi kusikia uongo mwingine.

Jambo moja tu hakulitia chumvi, kwa kuwa halikuihitaji. Kila mwaka, sikukuu ya mavuno, mkungu wake ndio uliokuwa wa kwanza mbele ya madhabahu. Wanaume wawili waliuleta umening'inia kwenye mti begani, wakitweta. Baada ya ibada sadaka zote hutolewa nje kunadiwa, kuku, mayai, mihogo, vikapu vya kahawa, na mnada ulipofika kwenye mkungu wa Klaudia hata waliokuwa wameanza kwenda nyumbani walirudi. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa usharika. Hakuna aliyelisema wazi, lakini yeye alijua kwamba uenyekiti ule umekaa juu ya mkungu kama chungu juu ya mafiga.

Basi mwaka jana, siku mbili kabla ya mavuno, mkungu ukaibwa. Asubuhi alikuta shina limekatwa, utomvu bado unadondoka. Jumapili ile alikwenda kanisani na bakuli la maharage. Alilipakata mapajani ibada nzima kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake, na mnada ulipofika kwenye maharage, watu walinunua wakiongea mambo mengine.

Aibu ile aliitafuna mwaka mzima. Mwaka huu mgomba mwingine ulipotoa mkungu, tena mkubwa kuliko wote, hata ikabidi uegemezwe kwa miti mitatu, Klaudia alisimama chini yake akaomba. Aliomba vizuri, kwa machozi. Halafu akafikiri, akajisemea, "Mungu ana mambo mengi. Hawezi kushinda hapa kibanjani akilinda ndizi."

Akatafuta mlinzi mwingine.

Jikoni kulikuwa na pembe ndefu ya ng'ombe, ambayo Rugaibula enzi za uhai wake aliitundika kwa ajili ya kuwekea chumvi. Klaudia alimwaga chumvi. Akatia majivu ya jiko, manyoya ya mbuzi wake, na gamba la konokono. Mdomo wa pembe akauziba nusu kwa kitambaa, akaufunga kwa utepe mwekundu aliouchomoa kwenye sare yake ya zamani ya kwaya, kwa sababu ndio uzi mwekundu pekee aliokuwa nao. Akaifunga juu ya nguzo ya irembo, yaani pale njia ya wote inapoingilia kwenye kibanja chake cha migomba. Kazi yote hiyo aliifanya akiimba pambio.

Lakini pembe peke yake ni pembe tu. Inahitaji maneno. Klaudia akaenda kwa jirani yake Mwamvita, mwanamke wa Kiislamu anayeuza maandazi kando ya barabara, mtu mwema ambaye hajawahi kulala na habari tumboni.

"Mwamvita we," alinong'ona, "kuku wako wasipite kwangu. Sitaki lawama."

"Kuna nini, Ma Klaudia?"

"Umeiona ile kitu? Imeletwa na mzee kutoka visiwani. Hakupanda boti. Alikuja amesimama juu ya gogo la mgomba, anavuta kiko, na mawimbi yanampisha. Inakunywa rubisi. Jana nimeipa kibuyu kizima, asubuhi nakuta kikavu."

Kibuyu cha pombe ile ya ndizi kilikuwa kikavu kweli. Klaudia alikuwa na kiu jana yake.

"Astaghfirullah! Na wewe mtu wa kanisa?"

"Mimi nimeshikwa tu. Na nikwambie neno. Jina la mwizi wa mwaka jana limo ndani ya pembe. Inangoja tu apite pale."

Mwamvita alifunga biashara mapema siku ile.

Habari ile ilishuka mjini na wauza ndizi, ikapanda gari la Kemondo, ikakaa bandarini siku mbili na wachuuzi wa dagaa, na iliporudi Nyanga ilikuwa imeota meno. Pembe ilikuwa imeng'ata tairi la pikipiki. Pembe ilikuwa imemwita mbwa kwa jina, mbwa akaitika. Klaudia alisikia hayo sokoni kwa mwanamke asiyemjua, akacheka hata akakaa chini. Wiki iliyofuata akasikia kwamba pembe hutoka nguzoni na kuzunguka migomba, akacheka kidogo. Mara ya tatu hakucheka. Ni jambo la ajabu kusikia uongo wako ukirudi na mambo ambayo hukuyaweka. Anajiuliza mtu: haya mengine kayaweka nani?

Wezi waliacha. Hilo lazima lisemwe. Hakuna aliyegusa hata jani kavu. Lakini walioacha hawakuwa wezi peke yao. Mwamvita aliwafunga kuku wake kamba miguuni, wakawa wanatembea kama wafungwa. Waliokuja kuomba moto au chumvi hawakuja. Zamu ya ibada ya jumuiya ilipofika nyumbani kwa Klaudia, aliambiwa kwa sauti laini sana, "Ma Klaudia, tumeona upumzike zamu hii." Zamu iliyofuata alipumzishwa tena. Alichemsha kahawa ya kutafuna, akaiweka kwenye kijikapu cha wageni, akaitafuna peke yake hadi ikaisha. Jioni alizungumza na mbuzi, na mbuzi hakuwa na habari yoyote mpya.

Kwa nini hakuitoa? Alijaribu. Alifika mara mbili na kisu, akarudi. Kuitoa ni kusema kwa nini ilikuwepo, na kusema kwa nini ilikuwepo ni kufungiwa Meza ya Bwana na kurudi kundini mbele ya usharika mzima, kama mtu aliyekwenda kwa mganga. Miaka miwili nyuma mwenzao Georgina alikwenda kwa mganga kwa ajili ya mtoto aliyekuwa haponi. Georgina alikaa benchi la nyuma miezi sita, na aliyemwonyesha benchi kwa kidole ni mwenyekiti wa akina mama, Klaudia huyu huyu.

"Nitaitoa baada ya mavuno," akajiambia.

Ndipo pembe ikaanza kuvuma.

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, anatoka kwenda dukani. Alipofika kwenye nguzo akasikia: vvvvv. Akasimama. Pembe ikanyamaza. Akanyanyua mguu. Vvvvv. Klaudia alirudi nyuma hatua kumi na nne bila kugeuka. Tangu siku hiyo hakupita tena irembo lake. Alitoka kwa nyuma, kupitia tundu kwenye michongoma, akiwa amepiga magoti, na Jumapili alifika kanisani na mikwaruzo usoni kama aliyepigana na paka.

Katika Jumapili hizo za mikwaruzo ndipo mwinjilisti Mwijage alipohubiri habari za ngoma. Mwijage ni mrefu, mwembamba, sauti kubwa kuliko kifua. Alisema, "Tuseme zamani, wafalme walipokwisha kuondolewa, kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa mpiga ngoma wa mfalme. Mfalme hayupo, jumba linavuja, kiti kimeliwa na mchwa. Lakini mtu yule akawa anapita vijijini na ngoma yake, du, du, du, na watu wanatoa kuku. Mwaka mzima wanatoa kuku kwa ufalme uliokwisha! Hadi mjane mmoja akamwuliza, 'Mfalme wako yuko wapi?' Akakosa jibu. Ndugu zangu, msalabani Yesu alimwondoa yule mfalme mbaya kitini. Shetani amebaki na ngoma tu. Kwa nini bado mnatoa kuku?"

Watu waliitikia amina. Klaudia naye aliitikia, kisha akarudi nyumbani kwa magoti kupitia michongoma.

Sasa ikafika Jumamosi, kesho yake ni mavuno. Mkungu mkubwa namna ile unataka watu wawili: mmoja anakata shina nusu ili mgomba uiname polepole, mwingine anaupokea. Klaudia alimpigia simu kila aliyemjua. Mmoja mgongo unauma. Mwingine yuko msibani Kimwani, ingawa kwenye simu zilisikika kelele za soko la Bukoba. Basi akaingia na panga peke yake, miaka sitini na saba, akiwa amefunga kanga kiunoni.

Alikata mara tatu. Mgomba haukuinama polepole. Ulikuja wote, na mkungu, na miti mitatu, kama mlevi anayemkumbatia rafiki. Klaudia aliruka, mguu ukaingia kwenye mtaro wa kutupia majani, mkungu ukaketi juu ya mguu, shina likalala juu ya mkungu. Akasikia kitu kimelia pa! ndani ya kifundo, kama kuni kavu.

Alilala chali. Hakuweza kuvuta mguu, hakuweza kusukuma shina. Kati ya migomba aliona irembo lake vizuri kabisa, hatua ishirini tu, na nguzo, na pembe juu yake.

Alipiga kelele. Hilo aliliweza.

Wa kwanza kufika alikuwa Mwamvita, mikono ina unga. Alikuja mbio, akafika kwenye nguzo, akafunga breki hata kandambili moja ikatangulia ndani. Hakuifuata.

"Ma Klaudia! Umekufa?"

"Ningekuwa nimekufa ningekuita? Njoo univute!"

"Toa pembe kwanza!"

"Niitoe vipi nami nimelaliwa na mgomba? Wewe mtoto una akili kweli?"

Watu wakaongezeka. Akaja Georgina na kapu kichwani. Akaja Buberwa, fundi baiskeli, mwimbaji wa sauti ya besi, mtu mnene zamani ambaye mwaka huu nguo zilikuwa zimeanza kumpwaya. Akaja mwinjilisti Mwijage akiwa na Biblia kwapani. Wote walisimama kwenye irembo kama maji yaliyofika kwenye kingo.

"Mwinjilisti," Klaudia aliita, "wewe ni mtumishi. Ingia."

"Nakuja, mama. Nimeona tu ni vizuri nimwite mchungaji, tuingie kwa utaratibu."

"Mchungaji yuko Muleba kwenye semina hadi jioni!"

"Ndiyo, lakini utaratibu…"

Hapo Klaudia akafanya lile ambalo mdomo wake ulilizoea. Uongo ulikuwa umemfunga, akatafuta uongo mwingine wa kumfungulia. "Basi sikilizeni! Yule mzee alinipa masharti. Mtu akitema mate mara mbili kushoto, pembe inamjua ni mgeni, inampisha."

Watu walitazamana. Mmoja alitema. Kisha pakazuka swali: kushoto kwa anayeingia, au kushoto kwa pembe? Maana pembe inatazama nje. Walibishana robo saa nzima. Aliyekwisha kutema akaanza kujishika tumbo.

Na wakati wanabishana, Klaudia alihisi kitu kwenye kisigino. Akainua shingo. Kutoka mwisho wa mtaro ulikuwa unakuja mstari mweusi, mnene kama mshipi, unang'aa, hauna haraka. Siafu. Mgomba ulipoanguka ulikuwa umewabomolea njia yao, na sasa walikuwa wanatafuta nyingine, na njia hiyo ilikuwa mguu wa Klaudia.

Sauti yake ilibadilika. "Jamani, siafu. Waitu, siafu wamefika."

Watu wa irembo walipiga mayowe. Wote walijua siafu wanamfanya nini kuku aliyefungwa. Lakini hakuna mguu uliovuka.

Wa kwanza walimuuma. Klaudia aliwapiga kwa kiganja, wakaja wengine. Akatazama juu, akaona majani ya migomba na mbingu vipande vipande. Kila siku ya maisha yake alikuwa akisema Ufalme wako uje. Na uje upitie wapi, akajiuliza, wakati irembo nimeliziba mwenyewe? Alikuwa ametoa kuku. Ametoa jumuiya, ametoa jirani, ametoa njia ya nyumbani kwake, na mpiga ngoma hakuwa hata na ngoma. Alikuwa na pembe ya kuwekea chumvi.

"Pembe ni yangu!" alipaza sauti. "Hakuna mzee wa visiwani! Nimeitengeneza mimi, jikoni kwangu, Jumanne, baada ya kula!"

Mwamvita akashika kichwa. "Mnasikia? Pembe inasema kwa mdomo wake."

"Ni mimi ninayesema, mjinga wewe!"

"Hata matusi yake imeyajua," mtu mmoja akasema kwa hofu.

Basi hapo Klaudia alilia. Mtu aliyewaaminisha watu pembe inayokunywa rubisi alikuwa anasema kweli kwa mara ya kwanza mwezi mzima, na hakuna aliyeipokea.

Ila Georgina alikuwa ametua kapu lake. Alisogea hadi karibu na nguzo kuliko wote, akakunja uso, akaitazama pembe. "Mimi nimeziona pembe za kweli," alisema polepole. "Nilikwenda, mnajua nilikwenda, wala sifichi. Sijawahi kuona iliyofungwa utepe wa kwaya." Akageuka ndani. "Ma Klaudia, huu si ule mwekundu wa sare zetu za zamani?"

"Ndio huo, Georgina."

"Kumbe." Georgina akafuta mikono kwenye kanga. "Benchi la nyuma bado lipo, mama. Nimeliacha na joto."

"Nitakaa. Nitalikalia hata mwaka. Na nilikuonyesha kidole, Georgina, nikijua mtoto wako anakufa. Nisamehe."

Georgina aligeukia kapu lake. Kapu lilikuwa chini, mikono yake ilitafuta mahali pa kukaa.

Ndipo Buberwa alipowapenya watu, akaja mbele. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Ma Klaudia," alisema kwa sauti ile ya besi, "niambie mbele ya Mungu. Jina la mwizi limo humo?"

"Unauliza la nini?"

"Mkungu wa mwaka jana niliuchukua mimi."

Watu walivuta pumzi.

"Mnyauko ulikuwa umemaliza migomba yangu yote. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi ile kumposa binti. Ningewaandalia nini, ugali?"

Na kabla ya mtu yeyote kukasirika, irembo zima liliguna kwa huruma. Wakwe, kupewa ugali badala ya ndizi! Hata mwinjilisti alitikisa kichwa.

"Buberwa!" Klaudia alisema. "Wewe unayesimama nyuma yangu kwaya, unanipulizia kisogoni!"

"Mimi huyo. Na tangu uweke hii kitu, nikila ndizi tumbo linazikataa. Nimepimwa hospitali hadi damu ikawachosha, hawaoni kitu. Nataka kujua tu. Jina langu limo?"

Hapo ilikuja dakika moja ambayo hakuna aliyeiona ila Klaudia. Mwizi alikuwa mkononi mwake. Neno moja tu, "limo," na Buberwa asingekula ndizi tena hadi kaburini, na maharage yale ya mapajani yangelipwa yote. Siafu walimuuma gotini. Neno lilikuwa tayari ulimini, tamu.

"Halimo," alisema. "Humo mna majivu yangu, manyoya ya mbuzi, na konokono aliyekufa kwa mapenzi yake. Jina la mtu halimo. Jina lako liko kwa Mungu, na Yeye haandiki kwenye pembe."

"Na inayovuma ni nini?"

"Hiyo sijui." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeitengeneza mwenyewe, Buberwa, na naiogopa. Natoka kwa nyuma kama panya. Lakini mwinjilisti alituambia mfalme wake alikwisha kuondolewa. Ama alitudanganya, ama ni kweli."

Wote wakamgeukia Mwijage. Mwijage akaitazama Biblia yake kana kwamba ameletewa sasa hivi. "Ni kweli," alisema. Akakohoa. "Nilihubiri, na ni kweli. Ila miguu haijasikia."

Buberwa alisogea hadi pua yake ikakaribia pembe. Vvvvv, ikasema pembe. Watu walirudi nyuma. Buberwa hakurudi. Alifungua kinywa, na kwa besi iliyotikisa majani ya migomba, akaiuliza:

"Mfalme wako yuko wapi?"

Vvvvv.

"Nimekuuliza!"

Ikanyamaza.

"Basi," Buberwa akasema, akafumba macho, akavuka. Alitembea hivyo hivyo, macho yamefumbwa, kila hatua akisema, "Ufalme wako uje. Ufalme wako uje," hadi akagonga mgomba kwa kipaji cha uso na kulazimika kuyafumbua.

"Kama mwizi kapita," Mwamvita alipiga kelele, "mimi nimeiba nini?" Akaruka ndani, akaokota kandambili yake huku akikimbia. Georgina akafuata. Kisha wote wakamiminika kama maji ya bomba lililopasuka, wakikanyaga siafu, wakijipiga mapaja, wakinyanyua shina, wakinyanyua mkungu, wakimnyanyua Klaudia anayepiga yowe kwa uchungu na kucheka kwa pamoja. Georgina alikaa chini, akaweka mguu ule uliovunjika mapajani pake, akawatoa siafu mmoja mmoja kwa kucha. Bado hakuwa amesema kwamba amesamehe. Aliwatoa wote.

Mwinjilisti Mwijage aliingia wa mwisho, na kwa kuwa alikuwa wa mwisho aliona haya, na kwa kuwa aliona haya aliamua kufanya jambo kubwa. Alirudi kwenye nguzo, akainyakua pembe kwa mikono miwili, akaitikisa kwa nguvu zote. Yakatoka majivu, yakatoka manyoya, likatoka gamba la konokono. Halafu wakatoka nyigu. Walikuwa wamejenga humo tangu mwezi uliopita, na hawakupenda mahubiri. Wanasema mwinjilisti alipita Nyanga yote bila kugusa ardhi, na kwamba pikipiki mbili zilijaribu kumfikia zikashindwa. Hayo ndiyo aliyoyaongeza Klaudia baadaye. Kwamba aling'atwa mara sita, na akarudi kushika machela, hayo wote waliyaona.

Walimtoa Klaudia kupitia irembo. Alipofika chini ya nguzo alifumba macho, mazoea tu. Alipofumbua alikuwa barabarani.

Mkungu ulifika kanisani kesho yake, umebebwa na Buberwa na mwenzake, na siafu wawili watatu bado wamo ndani. Klaudia hakuwepo. Alikuwa hospitalini, mguu umefungwa plasta, akiwasimulia wagonjwa wodi nzima. Wazee wa kanisa walikaa, wakaamua kama ilivyo desturi: miezi sita nje ya Meza, benchi la nyuma, na uenyekiti kwa Georgina. Buberwa naye alipewa yake. Wamekaa benchi moja, mwizi na aliyemtega, na mguu wa plasta umenyooshwa katikati yao. Buberwa ameanza kunenepa.

Alhamisi ya kwanza baada ya Klaudia kurudi nyumbani, ibada ya jumuiya ilikuwa kwake. Georgina ndiye aliyeiongoza. Watu waliingia kwa irembo, ingawa walipofika kwenye ile nguzo tupu kila mmoja alipiga hatua ndefu kidogo kuliko nyingine, hata Mwijage. Kijikapu cha kahawa kilizunguka, kikarudi kitupu, na Klaudia akaona fahari kuliko siku zote za mnada.

Waliinamisha vichwa. Georgina akaanza Baba Yetu. Klaudia alikuwa ameketi mlangoni, mguu juu ya kigoda, na hakufumba macho, kwa maana mtu aliyekaa ndani muda mrefu hupenda kutazama nje. Walipofika Ufalme wako uje, aliona kuku mmoja wa Mwamvita, hana kamba, anakuja barabarani. Akafika kwenye nguzo. Akasimama. Akachakura majivu, akadonoa kitu, akameza, akaingia ndani.